Mannubia na Madaktari Wake Wawili

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa asubuhi ya kawaida, Mannubia alinigombeza kwa sababu ya kuni. Nilikuwa nimemletea matawi ya mlozi niliyoyakata juzi yake, bado mabichi, na ua mzima ulikuwa moshi. Ilikuwa Machi. Theluji ilikuwa haijaondoka upande wa kivuli wa kilima.

“Baba Wasila,” akasema huku anafuta macho, “miaka arobaini unakata miti ya watu, mpaka leo hujui kuni kavu?”

“Kuni ni kuni.”

“Na mume ni mume. Ndiyo maana bado niko hapa.”

Moto ulipotulia alipiga magoti mbele ya tanuri lake la udongo, akachukua donge, akalilowesha, akaingiza mkono mpaka begani kulibandika ukutani kwa ndani. Alitumia mkono wa kushoto. Mkate ukaanguka kwenye majivu. Akabandika wa pili, nao ukaanguka. Tangu nimwoe sikuwahi kuona mkate wake ukianguka.

“Vipi?”

“Mkono wa kulia umechoka. Na huu mwingine ujifunze kazi, umestarehe mno.”

Nikacheka. Tukaipangusa ile mikate miwili, tukaila wenyewe kwa mafuta ya zeituni, majivu yakisagika menoni. Iliyobaki akaipanga kwenye kapu la kuuza. Kisha tukaenda kwa Daktari Ridha kuchukua cheti cha dawa yake ya presha, kama ilivyokuwa kila baada ya miezi mitatu.

Mannubia binti Salihi alizaliwa kwenye vijumba vilivyo chini ya mji wetu wa Maktar. Baba yake alifia kwenye machimbo ya mawe. Alipofika miaka tisa alipelekwa mji mkuu, Tunisi, kufua na kupiga deki kwenye nyumba ya watu, akakaa huko miaka tisa mingine. Hakunisimulia mengi ya nyumba ile. Alinisimulia moja. Wageni wakija, mama mwenye nyumba alikuwa akimsema kwa Kifaransa, yeye kasimama palepale na sinia la chai, na wageni wakimwangalia na kucheka. Hakujua wanasema nini. Aliniambia angevumilia kupigwa kuliko kile.

Akarudi, nikamwoa. Mimi ni mkata matawi ya mizeituni, natoka shamba hili naingia lile na misumeno yangu. Yeye akaoka mkate na kuuza njia panda, karibu na tao la mawe la Warumi. Tulipata watoto watatu, mmoja tukamzika. Nizar yuko Italia. Wasila anafundisha shule Susa. Alipokuwa na miaka arobaini na mitano Mannubia aliingia darasa la watu wazima, na ndani ya mwaka mmoja akawa anasoma Kiarabu kunishinda. Mimi changu ni cha chuo cha Kurani, cha utotoni, sikukiongeza.

Mtaani alijulikana kwa jambo moja: hakubeba maneno ya mtu. Jirani akija kumwambia, “Mwambie Khadhra nimesikia aliyoyasema,” alimjibu, “Miguu unayo.” Ugomvi ukiwa mkubwa aliwaita wote wawili tanurini, akampa kila mmoja unga wa kukanda, akasema hakuna mkate mpaka waambiane. Wengine walirushiana unga. Lakini waliambiana.

Daktari Ridha Ayari alikuwa daktari wetu kwa miaka ishirini na saba. Alimtibu mama yangu mpaka akafa, aliwachanja watoto wetu, alijua nani nyumbani anaogopa sindano. Ni mimi. Siku ile alimfunga Mannubia ule mpira wa presha kwenye mkono wa kulia, na Mannubia akakunja uso.

“Tangu lini?” daktari akauliza.

“Tangu nini?”

“Bi Mannubia, usinichezee. Unauma tangu lini?”

Akanitoa nje, akamwita Shadlia, muuguzi wake. Walipofungua mlango, uso wa Ridha ulikuwa umebadilika. Aliandika barua haraka haraka, akailamba bahasha, akaifunga. Akanipa mimi.

“Mpeleke Tunisi wiki hii, Larusi. Siyo wiki ijayo.”

Kwetu ndivyo inavyokwenda. Daktari humwandikia daktari, bahasha hufungwa, hukabidhiwa mwanamume au mtoto mkubwa, na mgonjwa hufuata nyuma. Sikuona ajabu yoyote.

Hospitali ya Tunisi tulipewa Daktari Ulfa Shamakhi, bingwa wa magonjwa hayo. Mwanamke bado kijana, anaongea upesi, na nje ya mlango wake watu wamekaa mpaka ngazini. Walimpima Mannubia wiki mbili. Siku ya majibu tuliitwa Wasila na mimi tu. Mannubia alibaki nje anawagawia wagonjwa mkate.

Daktari akatuambia. Akalitaja jina la ugonjwa.

Kwetu halitajwi. Tunasema “ule ugonjwa,” na wanawake humwomba Mungu auweke mbali. Nililisikia neno lile kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya wanafunzi, nikatazama viatu vyangu.

“Mama asijue,” Wasila akasema. “Nakuomba, daktari. Atakufa kwa hofu kwanza.”

“Akiniuliza sitamdanganya,” daktari akasema. “Asipouliza, sitaanza mimi.”

Mannubia hakumuuliza. Nikamshukuru Mungu kwa hilo. Nilikuwa mjinga.

Tulipokuwa tunaondoka Daktari Ulfa alinipa bahasha. “Hii ni ya daktari wenu wa nyumbani. Muhimu sana. Yeye ndiye atakayekuwa naye akirudi.”

Kwenye ngazi Wasila akanishika mkono. “Baba, hii isifike.”

“Ya daktari hii.”

“Daktari Ridha hajui kuficha kitu. Mama akimtazama tu atajua. Na Shadlia je? Likimfikia asubuhi, adhuhuri lipo sokoni. Watakuja kumlilia mama akiwa hai.”

Nilijua ni kweli. Niliwahi kuwaona wanawake wakienda kumtazama mgonjwa wa ule ugonjwa. Wanakaa ukutani na kumwangalia kana kwamba kesha kufa. Sikutaka Mannubia aangaliwe hivyo. Sikuwa na nia nyingine, na hiyo haikunisaidia.

Ile bahasha niliiweka kwenye sanduku la misumeno, chini ya kitambaa cha grisi. Mannubia alichukia harufu yake, hakulifungua kamwe. Sikuichana. Karatasi ya daktari niliogopa kuichana.

Yeye tulimwambia ni tezi zimevimba, zitayeyushwa kwa dawa ya mshipa, mara moja kila wiki tatu.

“Tezi?” akaniuliza.

“Tezi.”

“Haya.”

Daktari Ridha nilimwendea peke yangu. Nikamwambia wamempima na si ule ugonjwa. Ni uvimbe tu, wanautoa usaha.

“Si ule?”

“Si ule, daktari. Alhamdulillahi.”

Akainuka akanikumbatia. Miaka ishirini na saba hakuwahi kunikumbatia. Kisha akakaa, akasema, “Lakini wangeniandikia hata mistari miwili. Hawa wa mji mkuu wanatuona sisi makarani. Tunapeleka mgonjwa, wao kimya.”

“Kazi nyingi,” nikasema.

Na Tunisi, dozi ya pili, Daktari Ulfa akaniuliza, “Daktari wenu mbona hajibu? Amesoma barua yangu?”

“Amesoma. Anakusalimu.”

“Salamu sikuzitaka. Nilimuuliza mambo.” Akanipa bahasha ya pili. Dozi ya tatu, bahasha ya tatu. Zote zikaingia sandukuni. Dawa ya presha nikawa naifuata mwenyewe, ili Ridha asimwone.

Kwa hiyo daktari wa Maktar aliudhika kwamba yule wa Tunisi ana kiburi, na yule wa Tunisi aliudhika kwamba wa Maktar ni mvivu. Katikati nilikuwa mimi na sanduku langu. Simu walikuwa nazo wote. Hakuna aliyepiga. Kila mmoja alingoja barua ya mwenzake.

Nywele zilianza kutoka baada ya dozi ya pili. Mannubia alizikusanya kwenye mto, akazifunga kwenye karatasi.

“Hizi tezi zinapenda nywele,” akasema.

Nikaenda shambani, ingawa haukuwa msimu wa kukata.

Siku ya tisa baada ya dozi ya tatu, mwezi Mei, nilimkuta kakaa juani na blanketi, anatetemeka. Mwili wake ulikuwa moto kama mkate. Nilimwita Ridha, kwa sababu niliogopa. Akaja na mkoba wake. Mannubia alikuwa amejifunga kilemba mpaka nyusi. Daktari alimtazama koo, akamsikiliza kifua.

“Mafua haya, Bi Mannubia. Yamewapitia wengi. Pumzika siku mbili.”

Mannubia alimwangalia muda mrefu. “Mafua?”

“Mafua.”

Akageukia ukutani.

Mlangoni Ridha akanishika bega. “Larusi, kule Tunisi wanampa dawa gani hasa?”

Aliniuliza wazi hivyo. Nimeirudia siku hiyo mara nyingi. Palikuwa na mlango, palikuwa na kuku, palikuwa na yeye, na jibu lilikuwa sandukuni hatua kumi.

“Vitamini,” nikasema. “Na kitu cha kukausha uvimbe.”

Siku ya tatu hakunitambua. Gari la wagonjwa likatupeleka hospitali ya mkoa. Daktari wa zamu, kijana, alimvua kile kilemba, akaona kichwa.

“Huyu yuko kwenye dawa ya saratani! Nani kasema vitamini? Ana homa siku ngapi? Siku tatu? Damu yake haina kinga hata kidogo, mnataka kumuua? Barua yake iko wapi?”

Alilitaja jina la ugonjwa juu ya kichwa chake. Nikamtazama Mannubia. Alikuwa amefumba macho, midomo imekauka.

“Mwambieni mtoto huyo apunguze sauti,” akasema. “Najua.”

Alilala pale siku kumi na moja. Akapona ile homa. Mara ya kwanza kukaa kitako nyumbani, aliniita.

“Ridha anajua?”

“Hajui.”

“Hajui nini? Hajui kabisa?”

“Nilimwambia si ule ugonjwa.”

Akasema polepole, “Siku ile alinishika mkono akaniambia ni mafua. Nikasema, hata huyu. Ninyi nilijua mnanificha, wewe na Wasila, nikasema waache, wanaogopa. Nilivumilia kwa ajili yenu. Lakini nilipogeukia ukuta, nililia kwa ajili ya Ridha. Nilidhani ananidanganya. Kumbe ni wewe, Larusi.”

Hakuwahi kuniita kwa jina tangu Wasila azaliwe.

“Barua alizokuwa anakupa yule binti ziko wapi?”

Nikazileta. Zilikuwa na madoa ya grisi. Akazinusa, akazisukuma mbali.

“Kesho asubuhi utanipeleka.”

Hakuweza kutembea. Nilikopa mkokoteni wa jirani na punda wake, nikautandikia godoro. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Shadlia alipotuona aliacha kalamu ikadondoka.

“Mama yangu, Bi Mannubia, umekonda!”

“Nina saratani, Shadlia. Waambie wote leo, nimekupunguzia kazi. Kuna mkate kapuni, wagawie wanaongoja. Nitakaa muda.”

Akaziweka bahasha tatu mbele ya Ridha. Alizifungua moja moja, akasoma. Nilimwona akifika mahali fulani kwenye barua ya kwanza, akarudi juu, akasoma tena. Akavua miwani.

“Tarehe mbili Aprili,” akasema. “Ameandika hapa. ‘Homa yoyote, hata ndogo, usingoje hata saa moja, mpeleke hospitali.’ Ameipigia mstari.” Akanitazama. Nilitaka anitukane. “Na mimi nikasema mafua. Nilimshika mgonjwa wa dawa hizi nikasema mafua.”

“Umedanganywa,” Mannubia akasema.

“Nilikuwa na simu, Bi Mannubia. Mimi ndiye niliyelipapasa lile donge la kifuani kwa mkono wangu. Nilipoambiwa si kitu, nilifurahi sana kiasi kwamba sikupiga simu kuuliza. Nilikaa nikanuna.”

“Basi piga sasa.”

“Nitamwandikia leo hii, barua ndefu...”

“Umeona barua zinavyofika? Piga. Mbele yangu.”

“Nje kuna watu.”

“Nawajua wote. Wanakula.”

Mara ya kwanza simu ilikatika. Mara ya pili wakasema daktari yuko wodini. Mara ya tatu wakatuwekea muziki.

“Ngoja tu,” Mannubia akasema. “Muziki si mbaya.”

Ikapokelewa. Ridha akaweka sauti ya nje. “Daktari Ulfa? Ridha Ayari, Maktar.”

Ikajibu ile sauti ya upesi: “Hatimaye! Nimekuandikia mara tatu.”

“Na mimi nimezipata leo, zote tatu.”

Wakaanza Kifaransa. Ridha alikuwa anainamia simu, anatikisa kichwa, maneno yanakwenda na kurudi. Mannubia akapiga meza kwa kiganja. Sikujua bado ana nguvu zile.

“Lugha ya nyumbani! Anayezungumzwa nimekaa hapa.”

“Nani huyo?” simu ikauliza.

“Mgonjwa wako.”

“Bi Mannubia... unajua una nini?”

“Saratani ya titi. Haya, nimeisema, na paa halijaanguka. Sasa ambianeni. Kila mmoja aseme anachokijua, na mimi nisikie.”

Wakaambiana. Daktari Ulfa akasema dawa zote tatu anazompa, na ipi mbaya kwa nini. Ridha akamkatiza.

“Hiyo ya pili, ile nyekundu. Si inagusa moyo?”

“Inagusa. Kwani moyo wake una nini?”

“Alilazwa miaka tisa iliyopita. Maji kwenye mapafu. Moyo ulikuwa dhaifu.”

Nikasikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili.

“Hilo halimo kwenye barua yako.”

“Halimo,” Ridha akasema. “Niliandika kwa haraka. Niliandika donge tu.”

“Na mimi nilimpima moyo nikaona inatosha. Ningejua hilo nisingempa. Nambadilishia leo. Nashukuru kwa... Bi Mannubia, nashukuru.”

“Usinishukuru mimi. Mnafanya kazi moja, mnaambizana kama wakwe waliokosana.”

Ridha alicheka huku machozi yanamtoka. Nilikuwa sijawahi kuona daktari analia.

Walipatana mbele yake. Kila Alhamisi adhuhuri watapigiana simu. Damu itapimwa hapahapa Maktar siku moja kabla, majibu yasomwe kwa simu, ili asishuke Tunisi bure. Na Mannubia akaongeza lake: barua za kwake zisifungwe tena. Akabidhiwe yeye mkononi, zikiwa wazi, na chini yake mistari michache ya Kiarabu. Daktari Ulfa alisema haijafanywa hivyo. Mannubia akasema na mkate wa kwanza duniani pia ulikuwa haujaokwa.

Tuliporudi nyumbani aliniomba maji, nikampa. Kuhusu zile bahasha hakuniambia neno. Wala siku hiyo, wala kesho yake. Alikuwa mtu wa kusema, lakini hilo hakulisema. Kila nilipomlaza na kumwinua nilingoja. Alizungumza nami ya kuku, ya Wasila, ya mvua. La bahasha hakulitaja.

Akapata msimu mmoja mzuri wa kiangazi. Dawa mpya haikumwangusha kama ya kwanza. Wasila alikuja kutoka Susa akamlilia magotini kwa ajili ya barua. Mannubia akamchapa mgongoni kama mtoto, akasema, “Haya, kulia umelia. Sasa kanda unga, mimi siwezi.” Yakaisha hapo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Mjini watu wa ule ugonjwa walikuwepo wengine. Nilikuwa sijui. Kila nyumba ilikuwa imeficha wake. Mannubia alikaa kwenye benchi la kliniki na barua yake wazi mapajani, anaisoma kwa sauti. Mwanzoni wanawake walisogea mbali. Kisha mke wa mchinjaji akaja kukaa karibu yake, akafungua mkoba, akatoa bahasha iliyofungwa.

“Ya mume wangu,” akanong’ona. “Ina miezi miwili.”

“Miguu unayo,” Mannubia akamwambia. “Mlango ule pale.”

Ilipofika vuli Ridha alikuwa na wagonjwa watano wa kuzungumziwa kila Alhamisi, na Daktari Ulfa alikuwa anaitenga saa nzima kwa Maktar. Madaktari wa miji miwili ya jirani wakampigia Ridha kumuuliza anafanyaje. Akawaambia amefundishwa na muuza mkate.

Theluji ilipoanguka, ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa na ini. Ridha alikuja nyumbani Alhamisi ile, akaweka simu juu ya mto.

Daktari Ulfa alitaka kujaribu dawa nyingine. Ridha alisema mgonjwa hataiweza.

“Wewe hukuziona picha zake!” simu ikasema.

“Na wewe hukumwona jana akishindwa kuvuka ua!”

“Kuna nafasi.”

“Ndogo.”

“Ndogo siyo sifuri.”

Wasila alitaka kuizima simu. Mannubia akamzuia. Aliwasikiliza mpaka wakachoka.

“Mmemaliza? Ulfa, binti yangu, hiyo dawa inaniongezea nini?”

“Labda miezi miwili,” Daktari Ulfa akasema. “Labda. Sikuahidi.”

“Ridha, hiyo miezi miwili nitakaa wapi?”

Ridha alinitazama mimi kwanza, kisha yeye. “Hospitali, Bi Mannubia. Sehemu kubwa.”

“Basi sitaki.”

Nje theluji iliporomoka kutoka kwenye paa la banda la kuku.

“Nimekusikia,” Daktari Ulfa akasema, na safari hii hakusema upesi. “Daktari Ridha, chukua kalamu. Tuzungumze maumivu.”

Tangu siku hiyo Ulfa alikuwa akimweleza Ridha kiasi cha mofini kwa simu, na Ridha alikuwa akija siku moja na kuacha moja, akimwambia Ulfa amelala vipi, amekula nini. Wakati mwingine walipigiana mara mbili kwa siku. Nimewaona wengi wakifa kwa ule ugonjwa, nyumba ya jirani, unawasikia barabarani. Mannubia hakulia hata mara moja. Alikula uji wa mtama wenye asali, aliongea na Nizar kwa simu, alinisema kwa kuni.

Nilimuuliza Ridha siku moja uani, “Zile siku tatu za homa. Ndizo zilizomfikisha hapa?”

Alifikiri. “Sijui, Larusi. Zilimpunguza nguvu, na matibabu yakachelewa mwezi mzima. Huenda ungekuwa mwisho huuhuu. Huenda usingekuwa. Siwezi kukudanganya.”

“Vyema,” nikasema. Nilikuwa nimeshiba uongo.

Alikufa Aprili, Jumatatu, asubuhi, mkono wake ukiwa kwa Wasila. Ridha alimpigia Ulfa akiwa bado chumbani. Nilisikia yule daktari akimwombea kwa Mungu kama tunavyoombea sisi.

Lakini nataka kuandika ya siku nne kabla. Ilikuwa alasiri. Wasila alikuwa nje anaanika nguo. Jua lilikuwa limefika kitandani, na Mannubia alikuwa ameitoa miguu kwenye blanketi ilipate. Maumivu yalikuwa yametulia. Nilijua sitapata wakati mwingine. Nikamwambia kwamba bahasha zile nilizificha mimi, kwa mkono wangu, na kwamba Wasila alisema lakini aliyefanya ni mimi, na Ridha aliponiuliza mlangoni nilimjibu mimi. Nikamwambia amekaa karibu mwaka hakunigusia. Nikamwomba anisamehe, au aniambie kwamba hasamehi, lolote, ila aniambie.

Alinitazama. Niliona anataka kucheka, na kwamba kucheka kunamchosha. Akasema:

“Nilikusamehe zamani, siku ileile tuliyotoka kwa Ridha, kabla punda hajafika nyumbani. Nilinyamaza tu. Nilitaka na wewe ukae bila kuambiwa, uone.”